Mtoto Asiyeonekana Akinyonya

Mwaka ule wa tisini na sita, watu walipokuwa wakimiminika kutoka ng'ambo ya ziwa wakikimbia vita, Mama Veneranda wa Buzebazeba alikuwa mjane mkausha dagaa, mwenye mdomo mkali na chumba kimoja cha akiba. Chumba hicho hakikukaa kitupu. Akikuta wazazi vijana wamelala na watoto chini ya vichanja vyake vya dagaa kule ufukweni Katonga, aliwafokea kwanza, kisha akaondoka nao.

Ndivyo alivyowapata Feliksi na Recho, hata miaka ishirini hawajafika, na kichanga chao.

"Sisi ni bibi na bwana," Feliksi aliwahi kusema kabla hajaulizwa. Hapo ndipo Veneranda alipoanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Jirani yake Honorata, aliyekuwa akinyonyesha kitinda mimba wake, ndiye aliyechochea moto.

"Shoga, yule mtoto umewahi kumwona akinyonya?"

"Si Recho anageukia ukutani?"

"Ukutani! Mzazi gani ana haya kushinda mwali? Wameiba mtoto wa watu hao. Mwite balozi wa nyumba kumi."

Neno likamwingia. Kila alipopika mchuzi mzito wa samaki wa migebuka, wa kuteremsha maziwa, Recho aliumaliza, lakini blauzi yake haikulowa hata siku moja. Mtoto akazidi kusinyaa, kilio kikawa kama cha paka mchanga. Halafu Feliksi akaonekana anaingia na kitu amekificha chini ya shati. Veneranda akamnyatia hadi mlangoni, akachungulia. Kikombe cha maji ya mchele. Recho alikuwa akichovya kitambaa na kumfyonzesha mtoto.

Akausukuma mlango. "Mtoto wa nani huyo?"

Recho akamkumbatia mtoto kifuani.

"Nawauliza mimi kabla balozi hajawauliza!"

"Ni ya dada yake Recho, Mama," Feliksi alisema. "Baba ni miye. Kule Rusimbi, tulikofikia kwanza, tulisema kweli, wakatufukuza. Eti shemeji na shemeji hawalali chumba kimoja."

"Na mama yake?"

"Alibaki."

"Alibaki hai, au alibaki amekufa?"

Feliksi akamtazama Recho. Recho akamtazama mtoto.

Veneranda hakuamini hata nusu. Ila mtoto alikuwa ameacha kulia, na hilo lilimtisha kuliko uongo wowote. Akamnyakua, akavuka ua hadi kwa Honorata, vijana nyuma yake mbio wakidhani anakwenda kwa balozi.

"Mpe ziwa."

"Mimi? Nimnyonyeshe mtoto wa wizi?"

"Akifa, huyo balozi utamwonyesha nini? Mpe ziwa, maneno baadaye."

Honorata akasonya, akalegeza kanga. Mtoto akatafuta, akakosa, akapata, akang'ang'ania hadi Honorata akaguna kwa maumivu. Akayakagua masikio ya mtoto, kisha akamkagua Feliksi aliyesimama mlangoni.

"Masikio ni ya huyu kijana," alikubali shingo upande. "Upande wa mama bado sijaridhika."

"Hata mimi," Veneranda alisema. Akamwita Recho aketi hapo hapo jamvini, mahali ambapo yeye na Honorata wangemwona vizuri pamoja na mtoto.