Uso wa Mume wa Mama Sabina

Niliondoka Mbeya asubuhi moja bila mpango, nikadandia lori la mahindi, nikashukia Sumbawanga. Mama Sabina wa Majengo alinipa chumba. Alipoona brashi zangu, aliniomba nimchoree mumewe, aliyekwenda migodini miaka mingi nyuma akanyamaza. Picha hakuwa nayo, ila alinisimulia uso wake jioni nzima. Nikachora kwa rangi za maji.

“Huyu amefifia,” akasema. “Mume wangu ni mweusi wa kung’aa.”

Basi nikaazima rangi za mafuta kwa mwandika mabango. Sikuwahi kuzishika, nilizoea za maji, zinazokauka kabla hujamaliza sigara. Usiku huo nikamchora upya juu ya kitambaa. Kesho yake majirani wakaja kutazama.

“Imekauka, mwanangu?” Mama Sabina akauliza.

“Imekauka, mama,” nikajibu kama fundi.

Akaikumbatia picha, akailalia shavu, akafumba macho. Nilimwonea wivu mtu yule wa rangi, maana mimi hakuna mlango unaoningoja popote. Alipoinua kichwa, kitambaani yalibaki mabega tu. Uso ulikuwa shavuni kwake.

“Leo kakubusu kweli,” jirani akacheka.

Mama Sabina hakucheka, wala hakujifuta.

“Mwanangu,” akaniambia taratibu, “kumbe ulikuwa unajifunzia kwa mume wangu.”