Faili Limefungwa

Karani wetu wa benki ya damu tulimwita Mama Funga, na jina alilichuma mwenyewe. Funga mlango wa friji. Funga bomba. Funga mdomo, wagonjwa wanasikia. Miaka kumi na mmoja nimepima damu chumba kimoja naye, na sijawahi kurudi kutoka msalani bila kuulizwa kama nimezima taa. Alinichosha, na nilimpenda, yote mawili.

Kazi yake ilikuwa orodha ya wachangiaji: watu mia sita na ushee, kundi la damu la kila mmoja na namba yake ya simu. Zamani ilikaa kwenye daftari. Tulipoletewa kompyuta daftari likachomwa, na orodha ikawa jedwali la kufungulia mtandaoni, kwenye kivinjari.

Siku hiyo saa nane mchana wodi ya wazazi ilipiga simu. Kuna mama amejifungua, anavuja damu, haikatiki. Kundi lake ni O hasi. Kwenye friji hatukuwa na O hasi hata mfuko mmoja. Mama Funga akauliza jina la mgonjwa ili aliandike, kisha kalamu ikamdondoka. Alikuwa mdogo wake, toka nitoke.

Akabofya jedwali. Kukatokea maneno mawili: *Faili limefungwa.*

"Najua limefungwa!" akaifokea kompyuta. "Si ndiyo maana nalifungua?"

Akabofya tena, na tena. Akapakia ukurasa upya. Akazima mashine, akawasha. Akahamia kivinjari kingine, akafuta kumbukumbu zake zote kama alivyofundishwa semina. Maneno yaleyale. Nywila akaikosea mara mbili, nikamwandikia mimi. Yeye mwenyewe ni kundi A, damu yake haifai. Nikatoka koridoni, kila aliyepita nikamchoma kidole: wauguzi wawili, mlinzi, mtu aliyeleta barua. Hakuna hata mmoja wa O hasi.

Wodi ikapiga mara ya pili. Mara ya tatu alipiga daktari mwenyewe, na hakusalimia.

Saa tisa kasoro robo fundi wa kompyuta akapokea simu ya Mama Funga hatimaye.

"Nisomee neno kwa neno, mama."

"Faili limefungwa."

"Limefungwa kivipi?"

"Wee kijana! Limefungwa ni limefungwa! Nifungulie, ndugu yangu anakufa!"

"Mama, sikiliza. Huo si mlango uliorudishwa, hilo ni kufuli. Faili linajifunga kwa sababu liko wazi kwingine. Kuna mtu analo."

"Mtu gani? Orodha hii naishika mimi peke yangu!"

Akaishusha simu. Nikaona uso unambadilika, na sitaki kuuona tena uso ule kwa mtu yeyote. Asubuhi feni ya chumba chetu iliharibika, akaenda kufanyia kazi kwenye kompyuta ya mapokezi, kwenye upepo. Alipomaliza alibonyeza kitufe cha kioo, kioo kikawa cheusi, akarudi akisema, "Kule nimeshafunga."

Alikimbia, kiatu kimoja akakiacha mlangoni. Alipowasha kioo cha mapokezi, jedwali lilikuwepo, wazi, kwenye mstari uleule alioishia asubuhi. O hasi walikuwa watano. Watatu simu hazikupatikana. Wa nne, mwalimu wa udereva, akasema, "Nakuja sasa hivi," na kweli alikuja.

Damu ilipanda wodini saa kumi na nusu. Mdogo mtu alipona. Lakini daktari hakuwa ameweza kungoja. Ili kumwokoa alikitoa kizazi. Mgonjwa alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na yule ndiye mtoto wake wa kwanza.

Kesho yake nilimsindikiza Mama Funga wodini. Njiani alipita mlango uliokuwa wazi, bomba lililokuwa likivuja, hakusema neno. Tulimkuta mgonjwa ameegemea mto, mtoto kifuani.

"Dada," akasema, "wananiambia damu ilichelewa. Kwani kulikuwa na nini?"

"Faili lilikuwa limefungwa."

"Limefungwa na nani?"

Ningeweza kumjibia. Nilikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni, wa mtandao na umeme. Mama Funga akanishika mkono ninyamaze.

"Na mimi," akasema.