Mitutu ya Bi Thelma Haikulia

Mitutu hailii. Des Quilty ameichomoa kwenye bunduki, ameining'iniza kwa uzi kidoleni, anaigonga kwa mpini wa bisibisi. Mizima hulia kama kengele. Hii inatoa sauti ya sufuria iliyopasuka.

Ni saa tatu asubuhi, jikoni kwa Bi Thelma Pascoe, mjane anayeishi nje kidogo ya mji wa Hay, Australia. Anauza bunduki ya marisau ya marehemu mumewe, ya mitutu miwili, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1911. Bei ni dola 2,600.

Des, 56, hujenga uzio kwenye mashamba ya kondoo. Kazi hiyo humwachia dola 260 kwa siku. Bunduki kuukuu anazijua. Ameshamulika ndani ya mitutu: safi. Ameitikisa: hakuna kinachocheza. Kitako hakina ufa. Lakini sauti ile ina maana moja tu. Ukanda wa chuma unaounganisha mitutu umeachia, na chini yake kuna kutu.

"Mbona unaibembeleza hivyo, baba?" anauliza Bi Thelma. "Bunduki hiyo, si mchumba."

Des alikuwa anaaga, aondoke bila kununua. Ndipo akaona dirishani gari la Lachie Dunne likiingia.

Lachie ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Baba mkwe alikuwa na bunduki kama hii. Des aliisafisha kila Jumapili kwa miaka tisa, hata mzee aliposhindwa kufunga vifungo vya shati. Mzee alipokufa, ikaenda kwa Lachie. Sasa Lachie huja nayo klabuni kulenga sahani za udongo zinazorushwa hewani.

"Anaifuta kwa kitambaa cha vyombo," anasimulia Des baadaye. "Cha vyombo! Nikajua na hii ameifuata. Awe nazo mbili, mimi nitazame tu? Haiwezekani."

Akalipa kabla Lachie hajabisha hodi.

"Shemeji! Na wewe umekuja kukata nyasi?" Lachie aliuliza, galoni la petroli mkononi. Kila Jumamosi humkatia mjane nyasi. Akaitazama bunduki mezani. "Ah, hiyo. Marehemu aliacha kuifyatua zamani sana. Umeigonga?"

"Nimeigonga."

"Ikalia?"



Bunduki ikapelekwa kwa fundi mwenye leseni kusubiri polisi wampe Des kibali cha kuimiliki. Fundi aling'oa ukanda, akakuta kutu imekula chuma hadi kikabaki chembamba kama bati. Akakataa kuitengeneza. Klabuni wanamwita Des "Bwana Kengele".

Anapanga kumwomba Lachie amwachie aisafishe ile ya mzee, mara moja tu kwa mwezi. Bado hajamwomba.

Dola 2,600. Siku kumi za kuchimbia nguzo juani. Fedha za pampu ya maji aliyomwahidi mkewe, Noeline, tangu Krismasi. Noeline bado anachota kwa ndoo.