Mama Kesho na Tone la Mrija Mwangavu

Hospitalini kwetu kuna mpimaji wa maabara tunayemwita Mama Kesho. Ukimuuliza majibu, atakwambia kesho. Ni jirani yangu, tena shoga wa mke wangu. Kila Jumapili wanasukana nywele huku wakinisengenya nami nipo papo hapo. Hata kiporo chake cha maharage hukibandika karatasi yenye tarehe na saa. Miaka ishirini na sita ya kazi imemharibu, nasema mimi.

Basi mke wangu akaugua. Bakteria walikuwa wameota kwenye vali ya moyo, akaanzishiwa sindano. Siku ya tano homa ikashuka, akaomba uji, akauliza kama nimemwagilia maua yake. Nikafungasha mizigo chapuchapu. Daktari akasema atatoka na vidonge vya dawa ileile, ila kwanza maabara ithibitishe.

Nikashuka maabara mbio. Mama Kesho akanionyesha mrija wa bakteria wa mke wangu waliotiwa dawa ile: maji maangavu, hayana hata ukungu wa kuonyesha kwamba wameota. Nikamuuliza sasa anangoja nini. Akasema amechota tone humo, amelipaka kwenye sahani ya kuoteshea bakteria isiyo na dawa, aone kama kuna kitakachoota. Jamani, nilichemka! Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba anamfunga shoga yake kitandani kwa kujitia ujuaji. Hakunijibu. Alivaa glavu, akaendelea na kazi.

Siku iliyofuata aliniita mwenyewe. Sahani ilikuwa imejaa vidoa vyeupe, kama imenyunyiziwa chumvi.

"Walikuwa wamelala tu, shemeji," akasema. "Dawa imewalaza, haikuwaua. Na pale kwenye vali, kinga ya mwili haifiki vizuri, haiwezi kuwamaliza. Angefika nyumbani, wangeamka."

Sahani nyingine, ya mrija aliouchanganyia dawa mbili, haikuota kitu. Dawa hizo mbili ndizo alizochomwa mke wangu wiki sita, mpaka akapona.

Haya ilinishika. Nilikwenda kumwomba radhi, nikamuuliza kwa nini siku ile alinyamaza nikimtukana.

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake jeupe, akaifuta tena.

"Ningekujibu nini, shemeji? Nilikuwa namwomba Mungu wewe ndiye uwe sahihi."