Ng'ombe Wasio na Nundu

Juzi nilikuwa Dongobesh kwa shangazi. Kulikuwa na baridi ile ya kwetu ya kukufanya ushike kikombe kwa mikono miwili hata kama chai imekwisha. Watoto wa dada yangu walikuwa wameunganisha simu na televisheni, wakapata muvi. Ikaanza: mlima, ukungu, gari moja linapanda taratibu kwa mbali, na muziki wa chini chini. Nikajiweka sawa kwenye kochi. Hata jina la muvi halijatokea, yule mkubwa akabonyeza kitu, mlima ukapotea, tukajikuta katikati ya watu wanaogombana jikoni.

"Umefanya nini wewe?"

"Nimeruka mwanzo, mama mdogo. Mwanzo hauna kitu."

Hauna kitu! Rafiki yangu, uso ulinishuka pale pale. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anachambua vitunguu saumu, maganda yamemjaa kwenye kanga. Hakuinua kichwa. Lakini vidole vyake vilisimama kidogo kabla ya kuendelea, na mimi nikatazama chini. Katika nyumba ile hatuzungumzii mianzo ya picha mbele yangu. Ngoja nikueleze kwa nini, maana wewe hunicheki, au ukicheka utacheka taratibu.

Baba mdogo alikuwa na banda la video. Ukisikia banda, usifikirie jambo kubwa. Asubuhi lilikuwa stoo ya vitunguu saumu vya babu, na jioni vitunguu vilisukumwa pembeni, mbao zikapangwa juu ya matofali, likawa banda la video. Harufu ile haikutoka kamwe. Mpaka leo nikikatakata kitunguu saumu jikoni kwangu, nasikia jenereta ikikohoa nje ya ukuta. Ndani kulikuwa na televisheni yenye kisogo kikubwa, deki juu ya stuli, na kanda za video zilizochakaa majina mpaka hujui hii ni ya nini.

Jengo lenyewe tulilipanga kwa mzee mwenye duka wa jirani, na nyuma ya duka lake kulikuwa na msikiti mdogo. Walikuwa wamekubaliana na baba mdogo, bila ugomvi: adhana ikilia, sauti inazimwa mpaka watu watoke kuswali. Picha unaweza kuiacha, lakini sauti hapana. Sisi ni watu wa kanisani, lakini heshima ile tuliishika. Watazamaji nao walizoea. Utakuta banda zima limekaa kimya linatazama watu wanapigana ngumi zisizolia.

Na kulikuwa na utaratibu wa mlango. Kanda ikiwekwa, baba mdogo aliuacha mlango wazi kwa muda ule wa majina kupita, ili watu wa nje waone ni picha ya namna gani na waamue kama wanaingia. Sisi watoto tulijazana hapo hapo mlangoni. Majina yakiisha: "Haya, watoto nje!" na gunia la mlangoni linashushwa. Yaani mimi nimeona mianzo ya picha nyingi kuliko mtu yeyote Mbulu, na miisho sijui kama inafika idadi ya vidole vya mkono.

Kwa hiyo ilibidi kukisia. Tulirudi nyumbani tumebeba mwanzo tu, na huko jikoni, huku bibi anakoroga kande, tunamalizia wenyewe. Baadaye tuliwauliza wakubwa kama ndivyo ilivyokuwa, na mara nyingi ndivyo. Nikaanza kujua. Ukiona mzee wa Kichina mwenye ndevu anamfundisha kijana kwa upole, jua huyo mzee hamalizi hata nusu saa, na stelingi, yule kijana, atalipiza kisasi mpaka mwisho. Picha ya Kihindi ikianza na mama na watoto wawili wanaimba hekaluni, watapotezana kwa mafuriko, kaa na leso. Geti kubwa na gari jeusi, hiyo ya Kinigeria, mama mkwe ni mchawi. Majina yakiandikwa kwa wekundu unaochuruzika, mimi sikusubiri kufukuzwa.

Halafu kulikuwa na lile tarumbeta linalolialia, saksafoni. Likisikika, hata kama kwenye kioo ni maua tu, baba mdogo aliita "Watoto nje!" bila kugeuka kutazama. Tulijua ni mambo ya wakubwa.

Baba mdogo akagundua kipaji changu. Akinunua kanda mnadani, ananionyesha mwanzo, ananiuliza: "Hii ya nini?" Namwambia. Hata mwalimu wetu wa Jumapili aliwahi kuniuliza kama picha fulani inafaa kwa kwaya. Weee, niliota mapembe! Wakaniita Mchaguzi, nami nikaitika.

Shangazi, mdogo wa mwisho wa baba yangu, alikuwa akiuza chai na maandazi pale pale mlangoni. Alikuwa na kicheko cha kupandisha mabega. Kijana mmoja wa Dirma, kule Hanang, alikuwa akileta ng'ombe mnadani kwetu, na baada ya mnada anakuja kusimama mlangoni kwa shangazi na kunywa chai nyingi kuliko uwezo wa binadamu. Picha haingii kutazama. Bibi aliona, akanyamaza kwa furaha. Haukupita muda, ukaja ujumbe kwamba wazee wa Dirma wanakuja kuongea.

Kwetu, msichana anayeposwa hatazamani usoni na baba mkwe wake. Hawaketi pamoja, na sauti ya mkwe mwanamke haitakiwi isikike ovyo mbele ya mzee. Bibi alimfundisha shangazi namna ya kupita, namna ya kuweka maji ya kunawa na kurudi nyuma. Shangazi, ambaye kicheko chake kilisikika mpaka kwa wauza mbuzi, alifanya mazoezi ya kunyamaza nyumba nzima.

Wazee wakaja Ijumaa. Wakakaribishwa, wakala ugali, nyama na maziwa ya mgando, mazungumzo yakaenda vizuri mpaka babu akawa anacheka. Ndipo yule mzee mkubwa wa Dirma, baba wa kijana, akasema: "Na hiyo picha ya hapa kwenu, ambayo kila siku inamchelewesha kijana wetu kurudi, sisi hatuwezi kuiona?" Babu akaona hiyo ni heshima. Akamwita baba mdogo, baba mdogo akaniita mimi.

Nilikwenda mbio bandani kuchagua. Watu walikuwa katika sala ya Ijumaa, ambayo ni ndefu, kwa hiyo sauti ilikuwa imezimwa. Kulikuwa na kanda mpya. Nikaiweka. Bonde la kijani, ng'ombe wengi wanashuka, wanaume juu ya farasi, moshi unatoka kwenye nyumba ya mbao, bibi kizee anakamua maziwa. Nikasema moyoni, Mungu ametuletea hii.

"Hii," nikamwambia baba mdogo. "Ya wafugaji."

"Una hakika?"

"Kabisa."

Sikuisikia, ndiyo maana nakueleza habari za adhana. Niliona mwanzo kwa macho tu, na nikautolea hukumu.

Bandani walifunga shuka katikati, kutoka nguzo hadi ukuta. Upande mmoja wazee, upande wa pili bibi, mama, shangazi na sisi wasichana. Wakwe hawaonani, ila wote wanaona kioo. Deki ilikuwa upande wa wazee. Baba mdogo akaingia, akatamba: "Huyu mtoto wetu ndiye aliyechagua, hajawahi kukosea!" Kisha akatoka, maana jenereta siku hiyo ilitaka ishikwe mkono ndipo iendelee.

Sala ilikuwa imekwisha, picha ikaanza, safari hii na sauti. Ng'ombe wakatokea, na upande wa wazee ukaguna kwa raha.

"Eee, tazama mali hiyo!"

"Lakini hawana nundu. Wamewakata?"

"Nundu haikatwi, mzee mwenzangu. Wamezaliwa hivyo."

"Maskini. Lakini malisho ni ya kweli."

Na chini ya milio ya ng'ombe, polepole, likaingia lile tarumbeta.

Niliganda. Bonde lilikuwa lile lile, moshi ule ule, bibi kizee anakamua, lakini muziki ulikuwa unasema jambo jingine kabisa. Nikamsogelea shangazi sikioni. "Shangazi, huo muziki..."

"Nimesikia," akanong'ona. Mkono wake ukanibana goti, ukabana kwa nguvu. "Tulia. Labda ni mwanzo tu."

Tukakaa. Watu wawili tu tulijua katika banda zima, na tukakaa. Mimi ningevukaje lile shuka kwenda kwa wazee? Nikaomba nyumba ya mbao iungue. Nikaomba simba. Mpanda farasi akashuka, mlango ukafunguliwa, mwanamke akatoka na nywele zake zilizolowa maji, na yaliyofuata sitakueleza, tuna heshima zetu. Bibi alijifunika kanga uso mzima. Upande wa pili kuguna kukakoma. Mtu akakohoa, akakohoa tena, na nje baba mdogo, ambaye kwa kelele za jenereta hakuusikia muziki, alipoona hawaguni tena akadhani wamenogewa, akaita kwa furaha: "Si niliwaambia wazee?"

Babu ndiye aliyesimama. Kitufe hakukijua. Akavua blanketi lake la begani akaifunika televisheni. Jamani, picha ikapotea, sauti ikabaki! Tarumbeta likaendelea kulia chini ya blanketi, na zile pumzi, na sisi wote tumekaa gizani, mkwe huku, mkwe kule, tunasikiliza. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Ilichukua muda mpaka mtu akamfikia baba mdogo na jenereta ikazimwa.

Yule mzee wa Dirma alikuwa muungwana. Alisema, "Ng'ombe walikuwa wazuri." Wakaaga. Tukawatakia safari njema tukitazama miguu yao, wakaitikia asante wakitazama milima. Wakasema watarudi kumalizia maneno.

Hawakurudi. Kijana akahamishia ng'ombe wake minada ya upande wa Katesh. Shangazi alingoja msimu mzima wa vitunguu, kisha akaacha kungoja. Maandazi aliendelea kukaanga, lakini alikaangia nyumbani, mtu mwingine akapeleka mlangoni. Kile kicheko cha mabega sikukiona tena. Mimi sikuchapwa, na ingekuwa afadhali. Babu alisema tu, "Huyu mtoto asiulizwe tena mambo ya picha." Shuleni jina la Mchaguzi likabaki, ila sasa kila aliyeliita alicheka. Shangazi hakuolewa. Ndiye aliyetulea sisi wote na sasa anawalea watoto wetu, na kila likizo ninapoingia kwake, kabla hajaniitikia shikamoo, naona aibu upya.

Lile banda siku hizi ni kibanda cha kutumia watu pesa kwa simu. Mzee mwenye duka alishafariki, baba mdogo yuko Babati. Hakuna mtu anayesimama mlangoni kupima picha kwa mwanzo wake, wala shuka la katikati halihitajiki, kila mtu ana kioo chake na vitu masikioni. Ikija ya aibu, anaaibika peke yake na kuendelea.

Basi juzi nikawatuma watoto dukani kwa maziwa. Tukabaki wawili, na harufu ile.

"Shangazi," nikasema, "nisamehe ile siku. Niliichagua bila kuisikia."

Akaendelea kuchambua.

"Nyoka," akasema.

"Nini?"

"Ningepiga kelele tu, nyoka! Neno moja. Wote wangetoka nje, mambo yakaisha. Nimelifikiria hilo neno kila siku ya Mungu." Akapuliza maganda kwenye kiganja. "Wewe ulikuwa mtoto, na ulisema. Mkono uliokubana ni wangu. Ule muziki niliujua kuliko wewe, nimekaa pale mlangoni miaka. Nikaogopa mkwe asisikie sauti yangu."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeibeba aibu ile peke yangu na hata kuipenda kidogo, na sikuwahi kumuuliza kama naye ana yake.

Watoto wakarudi na maziwa, wakashika simu wanatafuta walipoachia.

"Hapana," shangazi akawaambia. "Rudisheni mwanzo."

"Bibi, mwanzo hauna kitu!"

"Rudisha. Na sauti ongeza."

Mlima ukarudi, ukungu, na lile gari linalopanda. Nikasogea kwenye kiti chake, nikachukua vitunguu vilivyobaki, tukachambua pamoja, tukisikiliza.