Mlango wa Matangazo ya Vifo

Kabla msanifu Kalin Radoev hajaja kutufufua, sisi hatukujua kwamba tumekufa.

Zlatka alisafisha Nyumba ya Utamaduni ya mtaa wetu wa maghala ya tumbaku kwa miaka thelathini na moja. Mlango wa mbao wa nyumba hiyo ndio tuliobandikia matangazo ya vifo, yenye picha za watu wetu: siku ya arobaini tangu mtu afariki, miezi sita, mwaka. Ukienda kununua mkate unapita hapo, unajua nani hayupo tena.

Basi akaja Kalin, miwani mikubwa, viatu bila soksi, eti jiji limemtuma ayafikirie upya majengo ya utamaduni. Akatuita mkutanoni, akatugawia vijikaratasi vya rangi tuandike ndoto zetu. Sote tukaandika: msiguse mlango. Akasoma, akasema, "Asanteni, mmenitia moyo sana!" Wiki iliyofuata mlango ukang'olewa. Pakawekwa kioo kutoka chini hadi juu.

"Hapa hakibandikwi kitu," akamwambia Zlatka, akimkabidhi kisu cha kukwangulia. "Ni uchafu wa macho, mama."

"Mume wangu anatimiza mwaka siku ya ufunguzi. Nimbandike wapi?"

"Kuna skrini ndani. Utajaza fomu."

Fomu! Genadi, mumewe, aliyelisha makaa jiko la ukumbi ule mpaka mapafu yakamwisha, leo akumbukwe kwa fomu. Ptuu!

Siku ya ufunguzi Zlatka akapika gundi ya unga, akambandika Genadi katikati ya kioo, usawa wa macho. Kufikia saa nne mtaa mzima ulikuwa mlangoni. Kalin akatoka mbio, meno yote nje.

"Mnaona? Nilisema watu watakuja!"

Tukasoma tangazo, tukafanya ishara ya msalaba, tukala ngano ya kuchemshwa ya kumkumbuka marehemu, aliyotugawia Zlatka kwa kijiko, tukaanza kurudi makwetu. Hakuna aliyeingia ndani. Ndipo mwenye miwani akageuka, akaiona ile picha.

"Mama, bandua hiyo upesi! Wakubwa wanafika!"

Zlatka akamtia kisu mkononi. "Bandua wewe, mwanangu. Sisi tunakutazama."

Tukarudi, tukasimama, tukamtazama kweli. Kalin akamwangalia Genadi, Genadi akamwangalia Kalin. Mwishowe kisu akakitia mfukoni, akaingia zake ndani.

Kufikia Jumapili kioo kizima kilikuwa kimejaa wafu wetu. Huko ndani sasa wanawasha taa mchana.