Faida ya Kuulizwa Mara Tatu

Wasichana wa Kashojwa, kijiji chetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wanaotaka kwenda nchi za nje kulea watoto wa watu huja kwangu kuuliza faida zake. Mimi ndiye mtaalamu pekee wa jambo hilo kutoka hapa mpaka kambi ya Oruchinga, na hata Oruchinga wakikwama wanatuma mtu. Nawaambia faida ni nyingi. Utajua lugha. Utajua dunia. Utaona mashine inayoosha vyombo huku wewe umekaa. Wote wanakubali kwa vichwa. Halafu nawaambia faida iliyozipita zote, ndipo wanaponitazama kama mtu aliyepigwa na jua.

Faida hiyo ni kwamba nilijifunza kula.

Sisi tuliotoka Kivu Kusini tulilelewa hivi: mtu akikukaribisha chakula, unakataa. Mara ya kwanza unakataa ili ajue una wazazi. Mara ya pili unakataa ili ajue wazazi hao walikuwa wawili. Mara ya tatu unasema, "Haya, kidogo tu," kisha unakula mpaka chungu kionyeshe tako. Anayekukaribisha anajua, nawe unajua kwamba anajua, na hakuna anayekufa njaa. Inasemekana babu yangu aliwahi kukataa ugali mara saba. Mara ya nane ulikuwa umepoa, akaula hivyo hivyo kwa heshima.

Nikiwa na adabu hiyo na mfuko mmoja wa nguo, niliingia kazini Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, mjini Mbarara. Mke alikuwa daktari, mume mchimba visima, wote kutoka nchi moja ya Ulaya yenye baridi na Kifaransa. Walitaka msichana anayesema Kifaransa, akae nao, amlee binti yao wa miaka mitatu, na jioni aende shule. Mke alinieleza kwamba kazi ya namna hiyo si utumishi. Nitakuwa kama dada mkubwa wa mtoto, nitakula mezani pamoja nao, na nitawaita kwa majina yao. Hilo la majina lilinishinda. Nilimwita Mama Mtoto na mumewe Baba Mtoto mpaka mwisho, nao wakazoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Hilo la jioni, kwa upande mwingine, nililishika kwa mikono miwili. Congo niliacha sekondari katikati, kalamu ikiwa bado na wino. Mbarara niliimalizia kwa masomo ya jioni, nikiwa na baba wa watoto sita kushoto kwangu na muuza matoke kulia. Cheti kipo. Mama alikitundika ukutani juu ya picha ya Bikira Maria, akakitazama siku mbili, kisha akakishusha kidogo.

Siku yangu ya kwanza mezani Mama Mtoto alinisogezea bakuli la viazi.

"Utakula viazi?"

"Hapana, asante."

"Sawa," akasema, na bakuli likaondoka.

Nililifuata kwa macho. Nilidhani linazunguka meza na litarudi. Lilifika kwa Baba Mtoto, likapumzika pale, na hapo ndipo safari yake ilipoishia. Kesho yake ulikuwa wali, nao ukaniaga vivyo hivyo. Keshokutwa ilikuwa kuku. Nilisema hapana, wakasema sawa, kwa upole kabisa, kama watu wanaokutakia safari njema. Nyumba ilikuwa na jokofu kubwa kiasi cha kustahili kupewa kadi ya ukimbizi na kiwanja chake cha kulima, nami naishi kwa kula maganda ya mkate aliyoyaacha mtoto. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nimekonda hivi kwamba askari wa geti aliomba kitambulisho changu upya.

Aliyeniokoa ni mtoto. Naye alikuwa hali. Akikunja uso mbele ya sahani, wazazi wake walisema "sawa," kwa heshima ile ile, na sahani ikaondoka. Mikono yake ilikuwa myembamba kama vijiti vya kibiriti. Lakini mimi natoka kwa watu wanaouliza. Tulikaa barazani, nikainua kijiko.

"Karibu."

Akatikisa kichwa kukataa.

"Karibu, mama yangu."

Akakataa tena, ila safari hii akanitazama. Nadhani alikuwa hajawahi kuulizwa mara mbili tangu azaliwe.

"Kidogo tu, basi."

Akafungua mdomo.

Baada ya mwezi alikuwa na mashavu ya kutosha watoto wawili. Mama Mtoto alimpima kwenye mzani wa kazini kwake, akadhani mzani umeharibika. Na siku moja mtoto alichukua kijiko, akakijaza uji, akanisogezea mimi. "Karibu," akasema kwa Kiswahili. Nikakataa. Akasema tena. Nikakataa. Akasema mara ya tatu, nikala. Katika nyumba ile ya watu wenye shahada, aliyejua kumkaribisha mtu alikuwa na miaka mitatu na alivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

Kwa viazi nilijirekebisha taratibu. Ilinichukua miezi miwili kujifunza kusema ndiyo mara ya kwanza, na mwanzoni nilikuwa nafumba macho nikisema. Lakini nilijirekebisha kwa viazi tu. Mambo mengine yote yalibaki kama mama alivyoyaweka.

Hivyo ndivyo nilivyokaribia kupoteza safari ya Ulaya.

Muda wao Mbarara ulipokaribia kwisha, Jumapili moja mchana, tukiwa mezani, Baba Mtoto aliweka uma wake chini. Alisema wanarudi kwao mwezi wa nane. Wangependa niende nao mwaka mmoja. Kazi ni ile ile, mtoto ni yule yule, nami asubuhi nitasoma chuoni ile lugha yao ya pili, isiyo Kifaransa.

"Ungependa kuja nasi?"

Nilitaka. Niseme vizuri: nilitaka hivi kwamba miguu yangu chini ya meza ilikuwa imeshafika Entebbe. Miaka saba nilikuwa nimekaa Nakivale nikitazama wakimbizi wengine wakiitwa kuhamia nchi za nje, familia baada ya familia, na sisi tunabaki kuwatunzia masufuria. Lakini hivi havikuwa viazi. Hili lilikuwa jambo kubwa, na jambo kubwa halidakwi kama kuku anavyodaka kumbikumbi. Ulimi wangu, ambao ulilelewa vizuri kuliko mimi mwenyewe, ukajibu:

"Hapana, asante. Msijisumbue."

Wakatazamana. "Tunaelewa," Mama Mtoto akasema. "Mama yako yuko hapa."

"Sawa," akasema Baba Mtoto, akaomba chumvi.

Nikangoja. Jumatatu nilipita mbele yake mara tisa nikiwa na ufagio. Jumanne niliuliza, kama mtu asiye na haja, kama kwao kuna baridi. Alisema ndiyo, akarudi kwenye ramani zake. Alhamisi Mama Mtoto akaniambia, akiwa na furaha kwamba hawatanilazimisha, kwamba wamempata msichana mmoja wa chuo hapa mjini. Hawajamjibu bado, lakini Jumatatu watapeleka jina lake kwenye ofisi ya kwao inayoandika barua za mwaliko. Baada ya hapo jina halibadiliki.

Nilimpigia mama simu Kashojwa.

"Balikuuliza?" akasema.

"Waliniuliza."

"Ukajibu nini?"

"Hapana."

"Ulijibu muzuri. Bakauliza tena?"

"Hawakuuliza tena, mama."

Nikasikia mbuzi wa jirani.

"Mara moja tu?"

"Mara moja."

"Ile haiko kuuliza, mwanangu. Ile ni kupiga chafya." Akafikiri. "Uwaambie basi kama unataka."

"Nitawaambiaje? Nimeshakataa. Nikienda mwenyewe kusema nimekubali, nitaonekana wa namna gani?"

"Ni kweli," akasema mama, kwa sababu ni yeye aliyenilea. "Sasa ngoja. Kukataa kwa mutoto kunaondolewaka na muzazi. Jumamosi nakuya."

Jumamosi saa nne asubuhi askari wa geti alinifuata jikoni. Ni Mnyankore wa hapa hapa Mbarara, mpole, kila mwanamke kwake ni nyabo, yaani bibi, na Kiswahili chake alikipata jeshini.

"Nyabo, mama moja iko kwa geti na jogoo. Yeye nasema ni mama yako. Jogoo hapana sema kitu."

Mama alikuwa ametoka Kashojwa kabla jua halijachomoza. Alivaa kitenge cha Pasaka, mkononi jogoo mwekundu mwenye miguu iliyofungwa, kichwani unga wa muhogo wa kulisha kijiji. Wenye nyumba walimkaribisha sebuleni, wakafurahi, wakamuuliza jogoo anaitwa nani. Nikatafsiri kwamba anaitwa jogoo.

Mama hakuja kusema lake moja kwa moja, yeye si polisi. Aliuliza habari za mvua. Alisifu kuta. Alieleza maharage ya Kashojwa yalivyo mwaka huu, kila mstari peke yake, nami nikatafsiri hadi koo likakauka. Baba Mtoto akaleta chai na biskuti.

"Mama, chai?" akasema kwa Kiswahili, maana alikuwa na maneno kama thelathini.

"Hapana, baba, asante," akasema mama, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana.

"Sawa," akasema Baba Mtoto, akaibeba sinia yote kurudi jikoni.

Mama akaisindikiza kwa macho. Halafu akanigeukia polepole, kwa uso wa mzazi anayegundua kwamba mwanawe amekaa miaka miwili porini.

Hapo mtoto akatokea. Alikuwa amechomoa biskuti moja kwenye sinia ilipokuwa inapita. Akasimama mbele ya mama yangu, akaunyoosha mkono.

"Karibu."

"Hapana, mutoto wangu, asante."

"Karibu, mama yangu."

"Aa, kula weye."

"Kidogo tu, basi," akasema mtoto.

"Haya," akasema mama, akaipokea kwa mikono miwili, akala. Alipomaliza, akaniambia, "Huyu njo mwenye nyumba."

Baba Mtoto alikuwa mlangoni, mikono mitupu. Akaniuliza kilichotokea ni nini. Nikamweleza kwa Kifaransa, nikitazama zulia, kwamba kwetu anayekataa mara ya kwanza bado hajakataa.

Akavuta kiti, akakaa.

"Vile viazi vya siku ya kwanza?"

"Nilivitaka."

"Siku tuliyopanda mlima, ukasema huhitaji kupumzika?"

"Nilikuwa nimekufa."

Mama Mtoto akaweka mkono mdomoni. "Na Jumapili ile?"

Nilimtazama jogoo. Naye hakunisaidia.

Mama Mtoto alikuja akakaa mbele yangu. Akaniuliza taratibu, kama anavyouliza wagonjwa wake: "Ungependa kuja nasi?"

Ilikuwa mara ya pili. Mama yangu hajui Kifaransa, lakini swali hilo alilielewa, na macho yake yalikuwa juu yangu. Nilikuwa na mdomo mmoja na mama mmoja.

"Hapana, asante," nikasema.

Mama akakubali kwa kichwa, ameridhika kabisa. Baba Mtoto alimtazama mkewe, mkewe akanitazama mimi, mimi nikatazama zulia. Niliwaza: daktari huyu akisema "sawa" sasa hivi, nitarudi Kashojwa kumsaidia mama kuhesabu mistari ya maharage mpaka uzee.

"Ungependa," akasema Mama Mtoto, "kuja nasi?"

"Haya," nikasema. "Kidogo tu."

Chai ikarudishwa. Mama alikunywa vikombe vinne, na kwa kila kimoja walimuuliza mara tatu, Baba Mtoto akihesabu kwa vidole. Jogoo tulimla mchana ule.

Kitabu changu cha kusafiria cha wakimbizi kilichukua muda ambao mtoto angeweza kuota ndevu, kwa hiyo wao walitangulia na mimi nikafuata baada ya miezi mitano. Nilikaa kwao mwaka mmoja kamili. Nimeona theluji; inafanana na unga wa muhogo, ila haishibishi. Nimeona basi linalofika dakika iliyoandikwa, na watu wakilinung'unikia kwa kuchelewa dakika mbili. Lugha yao ya pili niliijua mpaka nikaota kwayo. Na kule, nawaambia wasichana, hakuna anayekuuliza mara ya pili, si dukani, si chuoni, si kwa jirani. Kufikia mwisho wa mwaka, mtu alikuwa hajamaliza swali nami nimeshajibu ndiyo.

Nikarudi Kashojwa na adabu hiyo mpya. Siku ya pili tulipita na mama mbele ya nyumba ya jirani yetu, mama wa Kirundi, yuko na watoto wake wamezunguka sahani ya maharage na ugali.

"Karibuni tule," akasema, kama kila mtu anavyosema.

"Haya," nikasema, nikakaa.

Mikono yote ilisimama hewani. Walikuwa watu watano, na maharage yalikuwa ya watu watano. Mdogo wao alinitazama kama anatazama mvua ya mawe ikiingia shambani.

"Mumusamehe," mama akasema nyuma yangu. "Ametoka inje."

Nilikula, kwa sababu kuinuka sasa kungekuwa tusi la pili. Tulipofika mlangoni kwetu mama akanigeukia. "Kesho utamupelekea bugali na sombe," akasema. "Sahani yenye kujaa."

Kesho yake nilisimama mlangoni kwa jirani nikiwa na ugali na sombe, yaani kisamvu, la kutosha harusi. Alikataa mara ya kwanza. Akakataa mara ya pili. Mara ya tatu akakataa pia, jambo ambalo si la kawaida, nikaelewa kwamba ile ya tatu ilikuwa malipo ya maharage niliyowalia jana. Nikashika sahani vizuri, nikamuuliza mara ya nne.